Gauni la Mama wa Marehemu

Katika bajeti ya mchezo wetu, ukumbi ulikuwa na fungu lake, spika zilikuwa na fungu lake, mabango nayo yalikuwa na fungu lake, na mbele ya neno "mavazi" Mkurugenzi aliandika neno moja tu: Tutaona.

Basi mimi ndiye mwenye kuona. Nimekuwa nikiona tangu nimalize shule na kujiunga na kikundi hiki cha maigizo, kikundi cha watu wenye kazi zao ambao jioni wanakuwa wafalme na wachawi, na asubuhi wanarudi kuuza sabuni. Mkurugenzi mwenyewe mchana ni mwalimu wa udereva, na jioni anatuendesha sisi. Watu wako katikati ya maneno matamu ya mapenzi, utamsikia: "Breki! Rudi nyuma, ingia upya, na uangalie kioo!" Kioo gani, hakuna anayejua, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuuliza.

Mchana niko kwa shangazi yangu, ambaye anashona sare za shule. Vitambaa vya kikundi vinatoka hapo, yaani mabaki, na mabaki ya sare yana rangi moja. Kwa hiyo katika michezo yetu yote, tangu niipokee kazi hii, watu wamevaa bluu. Mfalme bluu, askari bluu, mganga bluu. Mwaka juzi tulikuwa na jini. Lilitoka kwenye chupa likiwa limevaa bluu na, Mungu anisamehe, likiwa na mfuko kifuani, maana nililitengeneza kwa shati ambalo shangazi alikuwa ameliharibu kola. Mtu mmoja viti vya nyuma akauliza kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima, "Samahani, hilo jini liko darasa la ngapi?"

Watu walicheka mpaka jini lenyewe likacheka. Mimi nikacheka pia. Mimi si mtu wa kununa; nyumbani kwetu naitwa Kidomo, na jina sikulipata bure. Lakini kuna kucheka na kuna kucheka. Ukikaa wiki nzima umeinama kwenye cherehani mpaka shingo inakataa kugeuka, halafu kazi yako ikaingia jukwaani na watu wakashika mbavu, unacheka, ndiyo, lakini kesho yake hutaki hata kuigusa cherehani.

Mwaka huu mchezo ulikuwa wa mama mmoja ambaye mwanawe anafukiwa machimboni. Sehemu ya tatu, mama huyo anaingia peke yake ofisini kwa wenye machimbo kuchukua mwili wa mwanawe. Hasemi mengi. Anapiga magoti mbele ya jeneza, anasema maneno yake machache, basi. Nilipousoma nikajiwekea jambo moja moyoni, wala sikumwambia mtu, kwa sababu ningemwambia angecheka: mama huyo akiingia, asicheke mtu hata mmoja. Wengine wavae bluu yao, wachekwe wanavyotaka. Yeye hapana.

Kitambaa nilikipata kwa mpiga picha wa mtaani kwetu. Alikuwa anafunga studio, na nyuma ya kile kiti chake cha kupigia picha za pasipoti kulikuwa na pazia jeusi zito, lile jeusi linalomeza mwanga. Ukiliangalia kwa muda unahisi kama unaangalia kisimani. Nilimshonea suruali zake zote zilizopasuka, na za wanawe, na ya shemeji yake ambaye sijui alikuwa anazipasulia wapi, ndipo akanipa. Nusu ilikuwa imeliwa na panya. Iliyobaki ilitosha gauni moja la mtu mwembamba.

Kwa bahati aliyepewa nafasi ya mama wa marehemu alikuwa Nesi, na Nesi ni mwembamba kama glovu mpya. Nikampima, nikakata, nikashona. Lilimkaa kama limemwagwa juu yake. Shangazi, ambaye kusifu kwake ni kutokukosoa, aliliangalia gauni, akaligeuza ndani nje, akalirudisha, na hakusema kitu. Nililala nikiwa na furaha, usingizi wa mtoto mchanga.

Sasa, kikundi chetu kina utaratibu mmoja ambao sijausikia kwingine. Mkurugenzi hagawi nafasi, zinapigiwa kura. Na mwanachama yeyote, mpaka mazoezi ya mwisho, ana haki ya kusimama na kuomba kura irudiwe. Ni haki nzuri sana kwa mtu asiyeshona.

Jumatano hiyo tulikuwa tunakunja viti ili tuondoke, Mama Keki akasimama.

Mama Keki anaoka keki za sherehe na ndiye mwekahazina wetu. Ni mama mkubwa, mkubwa kwa umri na kwa mwili, na sauti yake haihitaji spika. Kila mwaka anapewa nafasi ileile: jirani mmbea. Mwaka mmoja alikuwa mke wa mlevi, halafu akarudishwa kwenye ujirani. Akiingia tu jukwaani, kabla hajafungua mdomo, watu wameshaanza kucheka.

"Naomba kura ya mama wa marehemu," alisema.

Mkurugenzi akakuna kidevu. "Mama, wewe ni jirani. Jirani ana maneno mengi zaidi."

"Ndiyo maana. Nimechoka kusema."

"Lakini onyesho la kwanza ni Jumamosi!"

"Kwani kura imekatazwa?"

Haikukatazwa. Mikono ikanyooshwa, na wa kwanza kunyoosha alikuwa Nesi mwenyewe. Nikamkazia macho. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mdogo wangu. Natoka zamu nimekufa, halafu nije tena kulia hapa bure?"

Kwa hiyo ikapita. Watu wakapiga makofi, wakampongeza Mama Keki, wakamkumbatia, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba msiba huo una nguo, na nguo hiyo ina mwili wake, na mwili wenyewe ndio huo unaondoka mlangoni ukipiga miayo.

"Gauni utalirekebisha kidogo tu," Mkurugenzi aliniambia, akipima hewa kwa vidole viwili. "Kidogo hivi."

Kidogo hivi! Nilimwangalia yule mwalimu wa udereva, nikajiuliza anawafundishaje watu kuegesha.

Kesho yake Mama Keki alikuja kwa shangazi kujaribu. Kuna chumba kidogo nyuma ya pazia ambako wanafunzi hujaribu sare. Gauni lilipita kichwani, likafika mabegani, likasimama hapo. Tukalivuta. Likapiga kelele moja ndogo kwenye mshono, nikaacha kuvuta.

Nilikuwa na hasira, na mimi hasira yangu hutokea mdomoni ikiwa imevaa utani. "Mama," nikamwambia, "hili gauni linakusalimia tu. Kukukaribisha ndani limekataa."

Akacheka. Kicheko chake kile kikubwa, mikono juu, gauni likiwa limemkaa shingoni kama skafu. Halafu kikakatika ghafla.

"Unajua, mwanangu," alisema, "mimi nimechoka kucheka kwanza."

"Kucheka kwanza vipi?"

"Watu wakiniona tu wanaanza. Basi najiwahi. Nacheka mimi kwanza, ionekane tumekubaliana." Akalivua gauni taratibu, akalikunja vizuri, akaniwekea mikononi. "Mwaka huu nataka nisimame pale, ninyamaze, na wao wanyamaze. Mara moja tu. Halafu nitarudi kwenye umbea wangu."

Alikuwa anataka kitu kilekile nilichokuwa nakitaka mimi. Ila yeye alikuwa amekitaka baada ya mimi kukata kitambaa.

Alipoondoka nikamweleza shangazi. Hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Na wewe ulikata kabla hawajamaliza kura zao? Mimi hata bwana harusi simkatii suti mpaka nimwone amevaa viatu."

"Shangazi, sasa nifanyeje?"

"Fumua ubavuni, ongeza vipande."

"Vya nini? Nyeusi imeisha."

Akanisukumia kwa mguu gunia la mabaki. Nikafumua, nikashikiza bluu pande zote mbili kwa pini, nikalitundika, tukasimama kuliangalia. Mistari miwili ya bluu kutoka kwapani mpaka chini.

"Mh," shangazi alisema. "Anakwenda msibani huyu, au mbio za kupokezana vijiti?"

Nikazing'oa pini zote, moja ikanichoma, nikatukana kimoyomoyo. Nilizunguka maduka ya vitambaa mchana kutwa. Nyeusi zipo, lakini wauza duka hawakubali "tutaona". Nikaomba nyumbani: mama akasema sketi yake nyeusi ni ya kanisani, na nikiigusa atanishona mimi. Kaka yangu alikuwa na suruali nyeusi, akaivaa hapohapo ili nisiipate.

Ijumaa asubuhi nikaenda ukumbini kumwambia Mkurugenzi kwamba nimeshindwa, wamvalishe Mama Keki shuka. Mkurugenzi hakuwepo. Alikuwepo Mzee Funguo, mlinzi wa ukumbi, amefungua kabati la vitu vilivyosahauliwa na watu na anakung'uta vumbi miavuli. Miavuli mingi, mingi yake myeusi.

Nikasimama mlangoni kama mtu aliyeona ndugu yake aliyepotea.

Kitambaa cha mwavuli kimekatwa vipande vya pembetatu. Ukizichukua pembetatu mbili ukazishona moja kichwa juu, nyingine kichwa chini, unapata kipande kilichonyooka, kirefu kama ubavu wa mtu. Hesabu hiyo ilijifanya yenyewe kichwani mwangu, mimi ambaye shuleni mwalimu wa hisabati alikuwa akiniita kwa kuguna.

"Mzee, hii miavuli ya nani?"

"Ya wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

"Wangekuwepo, si wangekuwa wameichukua? Huu ulisahauliwa kwenye mkutano wa wazazi. Huu ni wa semina. Huu sijui, nadhani ulijileta."

"Naomba miwili."

"Mwenyewe akirudi nimwambie nini?"

"Mwambie mwavuli wake umepata nafasi kwenye maigizo."

Hakucheka. Mzee Funguo amelinda maigizo yetu miaka mingi, na hajacheka hata siku ya jini. Nikamshika mkono. "Mzee wangu, nachukua nguo tu. Vyuma na mpini nakuachia."

"Vyuma vitupu nitavifanyia nini?"

"Utamwonyesha mwenyewe, ajue mwavuli haukuibwa."

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli, halafu akaona ni haki. Nikakaa palepale sakafuni na mkasi wangu.

Ukitaka kujua uvumilivu wako unaishia wapi, shona kitambaa cha mwavuli. Kinateleza. Pini ikiingia, tundu linabaki. Ukipiga pasi kinajikunja kama nzi aliyeungua. Nilikuwa napiga mshono huku nikimsema Mkurugenzi, nikimsema Nesi, nikimsema panya aliyekula nusu ya pazia, na kila niliyemsema nilimpigia mshono wa pili juu ya ule wa kwanza, ili gauni lisije likapasuka mbele ya watu. Jumamosi nikasukuma vipande vya mwisho ndani, nikafunga pindo, na sikuwa hata na muda wa kulitundika nilitazame. Mama Keki alilivaa watu wakiwa wameshaanza kukaa.

Lilimtosha. Alijipapasa mbavuni, akaniangalia, akanyoosha mgongo.

Madirisha ya ukumbi tulikuwa tumeyaziba kwa maboksi ili liwe giza mchana. Sehemu ya kwanza, bluu. Sehemu ya pili, bluu. Wachimbaji walipoingia na sululu zao, mtu akasema, "Hawa wamepewa adhabu na mwalimu wa zamu," na watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa pembeni, nyuma ya pazia la jukwaa, mdomoni pini, nazihesabu dakika kwa hofu. Maana niliwajua. Watazamaji wetu wakishaanza kucheka, hawatofautishi.

Sehemu ya tatu. Taa moja. Jeneza katikati. Mama Keki akaingia.

Viti vya nyuma mtu akaanza. Nilimsikia, lile "hi" la kwanza la mtu anayemjua jirani mmbea na anangojea umbea wake. Halikufika mbali. Kitambaa cha mpiga picha kilikuwa kimemeza mwanga wote, kwa hiyo uliona uso tu na mikono, na ubavuni, kwenye nguo ya mwavuli, mistari miwili myembamba inayong'aa, kama mtu aliyenyeshewa njiani na hakujali. Na gauni lilikuwa na sauti. Hilo sikuwa nimelipanga. Kila hatua mwavuli ulisema, polepole, shwaa. Shwaa. Mama Keki aliisikia na yeye, akapunguza mwendo. Watu waliacha kutafuna vitu vyao. Hatua nyingine. Mtoto mmoja alikohoa, mama yake akamziba mdomo.

Hawakucheka.

Nilikuwa nimengojea kimya hicho tangu jini. Mama Keki alifika kwenye jeneza, akaliinamia, akapiga magoti, na kwa kupiga magoti akawa amenipa mgongo mimi niliye pembeni.

Mwavuli una kikamba. Kile kifupi chenye kishikizo, cha kuufungia ukishaukunja. Nilikuwa nimekisahau kwenye pembe moja, nikakishonea ndani. Na sasa, kwa mvutano wa magoti, kikawa kimechomoka kwenye mshono wa nyuma, chini kidogo ya kiuno. Kimesimama. Mama Keki akaanza kulia, na mabega yake yalivyotikisika, kikamba nacho kikatikisika. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kama mkia wa mbuzi aliyeona majani.

Watazamaji hawakukiona. Walikuwa upande wa uso. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa upande wa mkia.

Niliuma mkono wa shati. Nilijikumbusha jeneza. Nilijikumbusha misiba yote niliyowahi kwenda, mmoja mmoja. Kikamba kikapiga kushoto, kulia. Na katika kimya kile, kimya changu mwenyewe, kimya nilichokishona kwa vidole vyangu vilivyotobolewa, mtu akacheka. Kicheko kifupi, kikali, kama chafya.

Aliyecheka nilikuwa mimi.

Mama Keki alinyamaza kulia. Akainua kichwa polepole, akageuka, siyo kwa watazamaji, kwangu. Aliniona. Ule uso sitausahau. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, maneno ambayo hayakuandikwa popote:

"Mwanangu yuko chini ya mawe. Nani anacheka?"

Ukumbi mzima ukaacha kupumua. Mwanamume mmoja mstari wa mbele aligeuka kuangalia nyuma yake, amejaa hatia, na wala hakuwa amefanya kitu. Mama Keki aliliwekea jeneza mkono, akasema maneno yake machache kama yalivyo, na taa ikazima. Makofi yalichelewa kuja. Yalipokuja hayakutaka kwisha.

Nilimkuta kwenye kile kistoo tunachobadilishia nguo, amesimama, bado na gauni. Mlango wa kutorokea haukuwepo; ungekuwepo ningeutumia.

"Ulikuwa unacheka nini?"

Uongo mzuri nilikuwa nao, hata mitatu. "Mkia," nikasema.

"Mkia gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akapeleka mkono nyuma, akapapasa, akakikuta, akakishika muda kidogo pamoja na kishikizo chake. Nikangojea acheke yeye kwanza, kama kawaida yake, tumalize.

Hakucheka.

"Watu wamekiona?"

"Hapana. Ni mimi tu."

"Na aliyecheka?"

"Ni mimi tu, mama. Nisamehe."

Mlango ukafunguka, Mkurugenzi akaingia jasho linamtoka, uso umejaa sherehe. "Kile kicheko! Nani katoa kile kicheko? Mmeona watu walivyoganda? Kesho palepale, hivyohivyo, tusipunguze hata—"

"Hakirudiwi," Mama Keki alisema.

"Mama, lakini watu—"

"Nimesema hakirudiwi. Toka nje, navua nguo."

Akatoka. Mama Keki hakuvua. Aliugeukia ukuta, mikono imenyooka ubavuni, kama wanafunzi wanavyosimama kwa shangazi wakipimwa.

"Kifumue," aliniambia.

"Nikuletee kanga uvue kwanza, nitakifumua mezani."

"Kifumue hapahapa. Nataka nikisikie kinatoka."

Nikapiga magoti nyuma yake. Mkasi nilikuwa nimeuacha jukwaani, kwa hiyo nikatumia pini. Juu yangu alikuwa anayarudia maneno ya kesho, taratibu, kwa ule ukuta, yale yaliyoandikwa tu. Nikaingiza ncha ya pini chini ya uzi, nikavuta. Haukutoka. Nilikuwa nimeushona mara mbili, wa kwanza kwa haraka na wa pili kwa hasira, na hasira ilikuwa imeshona vizuri sana.

"Polepole," akasema. "Usinichanie gauni langu."